Jino linauma, kiti kiko mbali: nini hasa maana ya "kufikiwa" na huduma ya meno

Kila inapotangazwa kambi ya matibabu ya meno bila malipo, mabishano huwa yale yale. Mmoja anafurahi kwamba wanyonge nao wamekumbukwa. Wa pili anauliza: hao watakaong'olewa Jumamosi, jino jingine likiwaamsha usiku wa Jumatatu waende wapi? Wa tatu anataka madaktari wasomeshwe wengi zaidi. Wa nne, ambaye hakosekani kwenye mazungumzo ya namna hii, anasema shida ni watu wenyewe kutopiga mswaki.

Ukitulia ukawasikiliza, hawabishani. Kila mmoja ameshika kipande chake cha jambo moja, nalo ni "kufikiwa na huduma". Maneno hayo yamesemwa sana majukwaani hadi yamechakaa kabla ya kueleweka. Tuyafungue.

Afya ya kinywa ni hali ya meno, fizi, ulimi, taya na ngozi laini ya ndani ya mashavu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa fulani wa kinywa, na watatu katika kila wanne kati yao wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Unaoongoza ni kuoza kwa meno.

Huduma ya meno nayo ina ngazi zake. Ya chini kabisa ni kuzuia jino lisioze. Inafuata kusimamisha uozo ulioanza, kisha kuziba tundu, kisha kuokoa jino ambalo uozo umefika kwenye mzizi, kisha kung'oa, na mwisho kuweka meno ya bandia. Mtu akikwambia "hapa huduma ipo", muulize ni ngazi ipi. Mahali pengi ni moja tu: koleo.

Na jamii zisizofikiwa ni akina nani? Wengi hufikiria mara moja watu wa mbali na miji. Hao wamo, lakini wamo pia wanaoishi jengo linalotazamana na kliniki. Wamo wazee wasiotoka kitandani, wafungwa, wakimbizi, watu wenye ulemavu ambao hakuna aliyefundishwa kuwatibu, na vibarua wanaolipwa kwa siku.

Mlango wenye makomeo matano

Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Roy Penchansky na J. William Thomas, waligawa neno "kufikiwa" katika vipande vitano. Mpaka leo sijaona mgawanyo unaosaidia zaidi mtu wa kawaida kuelewa. Uchukulie kama mlango wenye makomeo matano. Ukifungua manne, mlango bado umefungwa.

La kwanza: mtoa huduma yupo, na vifaa vyake vinafanya kazi? La pili: unaweza kumfikia, kwa nauli uliyonayo na kwa miguu au magurudumu uliyonayo? La tatu: utaratibu wake unalingana na maisha yako? La nne: unaweza kulipa? La tano: mnakubaliana, yaani lugha inaeleweka, staha ipo, na hofu yako inasikilizwa?

La kwanza, la pili na la nne kila mtu anayajua. Ngoja nikae kidogo kwenye la tatu, kwa sababu ndilo linalofunga kimyakimya.

Mfikirie kibarua anayelipwa jioni kwa kazi ya siku ile. Gego lake limeoza, mshipa wa ndani umefikiwa. Jino hilo linaokoleka: daktari atasafisha mzizi, ataweka dawa, atamwambia arudi wiki ijayo, na pengine wiki nyingine tena. Kila kurudi ni siku bila ujira. Kung'oa ni mara moja na mtu anarudi kazini kesho. Hata matibabu yote yangekuwa bure, hesabu imeshapigwa kabla hajaketi. Kwenye faili itaandikwa kwamba mgonjwa alichagua kung'oa. Kuchagua ni neno kubwa mno kwa kilichotokea pale.

Komeo la tano lina historia yake. New Zealand ilianza mwaka 1921 kufundisha wauguzi wa meno wa kuhudumia watoto shuleni, na ni moja ya mipango iliyosifiwa sana duniani. Lakini watoto waliotibiwa kwenye vyumba hivyo vya shule walivibandika jina: "nyumba ya mauaji". Huduma ilikuwepo, karibu, bila malipo, na bado wapo waliokua watu wazima wanaoogopa kiti cha meno kuliko jino lenyewe. Daktari anayemgombeza mgonjwa kwa kuchelewa anafanya kosa hilo hilo. Mgonjwa hatajifunza kuwahi. Atajifunza kutorudi.

Kwa nini maskini hulipa zaidi kwa jino lile lile

Ili kuelewa sehemu iliyobaki, lazima tujue jino linaoza vipi.

Kwenye meno kuna utando laini wa bakteria, ule unaousikia kwa ulimi asubuhi. Ukila au kunywa chenye sukari, bakteria hao nao wanakula, na wanatoa asidi. Asidi inanyonya madini kutoka kwenye gamba la nje la jino, ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Baada ya muda mate yanaizimua asidi na kurudisha sehemu ya madini. Kwa hiyo kinywani kuna akaunti ambayo kila siku inatolewa na kuwekwa. Jino linaoza pale utoaji unapozidi uwekaji kwa miezi au miaka. Floraidi, madini yaliyomo kwenye dawa nyingi za meno, inasaidia upande wa kuweka. Kula kitu kitamu mara kumi kwa siku, hata kidogo kidogo, kunasaidia upande wa kutoa kuliko kula kingi mara moja.

Dalili ya kwanza ni doa jeupe lisilong'aa. Hapo bado jino linaweza kurudi, na gharama yake ni dawa ya meno. Likishatoboka, halijizibi tena. Methali ya ufa na ukuta ni kama ilitungwa na daktari wa meno, ila kwenye jino hata ukuta haujengeki upya: sehemu iliyokwisha kwenda imekwenda.

Sasa angalia ubaya wa mpangilio huu. Maumivu huja mwishoni. Doa jeupe haliumi, na tundu dogo mara nyingi haliumi. Mtu anayesubiri maumivu ndipo atafute huduma, na asiye na fedha wala muda husubiri maumivu, anafika wakati ngazi zote za chini na nafuu zimeshapita. Anakuta ama matibabu ya mzizi yaliyo ghali, ama koleo. Mwenye bima anayeangaliwa kila mwaka ameshamaliza shida hiyo kwa kujaza kidogo. Daktari wa Wales, Julian Tudor Hart, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kidogo pale inapohitajika sana. Hakuwa akizungumzia meno peke yake, lakini sijui tiba inayomthibitisha kuliko hii.

Nani alitenga kinywa na mwili?

Swali hili huulizwa na kila aliyewahi kuambiwa kwamba bima yake inalipia figo, moyo na goti, ila meno hapana. Je, meno si sehemu ya mwili?

Jibu ni la kihistoria. Mwaka 1840, katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, kilianzishwa chuo cha upasuaji wa meno kinachotambuliwa kuwa cha kwanza duniani. Kabla ya hapo meno yaling'olewa na vinyozi, wahunzi na yeyote mwenye mkono imara, kwa hiyo chuo kilikuwa hatua kubwa. Ila kilisimama nje ya shule za udaktari, na taaluma mbili zikakua kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti: vyuo vyake, leseni zake, majengo yake, ankara zake. Serikali zilipokuja kutunga mipango ya kulipia afya, zilikuta nyumba mbili na mara nyingi zikalipia moja. Mpango wa Marekani wa kuwatibu wazee, ulioanzishwa mwaka 1965, uliyaacha nje matibabu ya kawaida ya meno. Uingereza ilianza kwa ukarimu mwaka 1948, meno yakiwemo, na watu walijitokeza kwa wingi mno kutafuta meno ya bandia; kufikia mwaka 1951 meno hayo yalikuwa yameanza kutozwa ada.

Mwili haujui mgawanyo huo. Mwaka 2007, katika jimbo lile lile la Maryland, mvulana wa miaka 12 alifariki baada ya usaha wa jino lililooza kufika kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo mara mbili. Jino lenyewe, kama lingeng'olewa mapema, ni kazi ya dakika chache.

Kinachoweza kushuka kwenye kiti

Hapa ndipo ninapotofautiana na yule wa tatu, anayetaka madaktari zaidi na basi. Madaktari wanahitajika, sikatai. Lakini huduma ya meno tuliyoizoea imejengwa kuzunguka kiti. Kiti kinataka umeme. Kinataka maji safi, mashine ya kusukuma hewa, mrija wa kunyonya mate, taa, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke na fundi anayejua kuvitengeneza vyote. Kikiharibika kimoja, kiti kizima kinageuka kochi la kupumzikia. Ukimpeleka daktari hodari mahali pasipo na hivyo, umepeleka mtu mwenye koleo.

Swali la maana zaidi ni hili: ni kiasi gani cha huduma kinaweza kufanyika bila kiti?

Kiasi kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu vitu vya meno vitatu: floraidi, silva daiamini floraidi, na saruji ya glasi ayonoma. Majina yanatisha, kazi yake haitishi.

Floraidi tumeshaiona. Inayotakiwa kwenye dawa ya meno ni kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, na kiwango huandikwa kwenye boksi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele tu. Scotland huwapigisha watoto wa chekechea mswaki kila siku chini ya uangalizi wa walezi wao, na wataalamu walipopiga hesabu waliona kwamba ndani ya miaka michache matibabu yaliyoepukwa yalizidi gharama za mpango mzima. Hakuna kiti hapo. Kuna miswaki, dawa na mwalimu mwenye subira.

Silva daiamini floraidi ni kimiminika cha kupakwa. Tundu linakaushwa, tone linapakwa kwa brashi ndogo, uozo unasimama. Tone moja linatosha meno kadhaa. Ina kasoro moja ambayo lazima mzazi aelezwe kabla: sehemu iliyooza inageuka nyeusi na kubaki hivyo. Ikigusa ngozi inaacha alama kwa siku kadhaa, ikigusa nguo ndiyo basi. Kwa gego la nyuma hakuna anayejali. Kwa jino la mbele, baadhi ya wazazi watakataa, na ni haki yao.

Ya tatu, saruji, ndiyo ninayopenda kuieleza, kwa sababu mbinu yake ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye mazingira ambako mashine ya kuchonga meno haikuwa kitu cha kutegemea. Mtoto analala juu ya meza ya kawaida, kichwa kikielekea kwa mtoa huduma aliyeketi nyuma yake akiwa na taa kwenye paji la uso. Pamba inawekwa kando ya jino ili lisilowe mate. Kwa kijiko kidogo mno cha chuma, uozo uliolainika unakwanguliwa taratibu kuanzia kingo za tundu. Unatoka kama udongo mbichi. Mara nyingi hahitaji sindano ya ganzi, kwani sehemu inayotolewa imeshakufa. Kisha saruji inakorogwa, inajazwa, na mtoa huduma anapaka kidole chake mafuta ya mgando na kuigandamiza juu ya jino mpaka iingie kwenye kila mfereji. Mtoto anauma meno, kinachozidi kinakwanguliwa, anaambiwa asile kwa saa moja. Ukiacha ile taa ya kichwani, hakuna umeme uliotumika.

Watu huuliza: kama uozo kidogo umeachwa chini karibu na mshipa, si umefungia adui ndani? Umemfungia, ndiyo, lakini bila chakula. Bakteria waliofunikwa vizuri hawapati sukari, na wengi wao hufa au hulala. Kinachoua mbinu hii ni mfuniko usiobana.

Na kama kazi hizi hazihitaji kiti, je, zinahitaji daktari aliyesoma miaka mitano au zaidi? Hapana, na ndiyo maana New Zealand iliwafundisha wale wauguzi wake kwa miaka miwili tu, kwa kazi chache zilizoainishwa. Mwaka 2003 jamii za asili za Alaska, ambazo vijiji vyake vingine hufikiwa kwa ndege ndogo pekee, zilianza kupeleka vijana wao huko huko New Zealand wakasomee utabibu wa meno, yaani ngazi iliyo chini ya daktari wa meno. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilikwenda mahakamani mwaka 2006 kuwazuia, kikashindwa. Hoja ya chama ilikuwa usalama wa wagonjwa, na si hoja ya kupuuza: tabibu anapaswa kujua mipaka yake na kuwa na wa kumpigia simu kesi inapomzidi. Ila mtu anayesema "bora wasitibiwe kuliko kutibiwa na tabibu" kwa kawaida yeye mwenyewe ana daktari.

Teknolojia ya kutuma picha za meno kwa simu hadi kwa mtaalamu wa mbali inasaidia kuchuja nani asafiri na nani asisafiri. Haizibi tundu.

Uongo unaorudiwa

Kwamba kuna mdudu anayetoboa jino. Imani hii ina maelfu ya miaka. Mfaransa Pierre Fauchard aliipinga kwenye maandishi yake ya mwaka 1728 na bado iko hai. Kinachotoboa ni asidi. Uzi mweupe unaoonyeshwa na "mtoa mdudu" haukutoka kwenye jino.

Kwamba meno ya utotoni hayana maana kwa sababu yatang'oka. Magego ya utotoni hukaa mpaka mtoto anafika miaka kumi hivi, na ndiyo yanayoshikilia nafasi za yale yanayokuja. Mtoto mwenye maumivu hali vizuri, halali na hasomi.

Kwamba kung'oa jino la juu kunapofusha. Mishipa ya macho haipiti kwenye mizizi ya meno.

Kwamba kusafishwa meno kunayalegeza. Kinachoyalegeza ni ugaga, ule utando uliogeuka mgumu, uliokaa chini ya fizi miaka mingi na kula mfupa. Ukiondolewa, mtu anausikia ulegevu ambao ugaga ulikuwa umeuficha.

Na huu wa mwisho una madhara makubwa kuliko yote: kwamba vidonge vya antibayotiki vinatibu jino. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haipiti. Vidonge vinaweza kutuliza uvimbe uliosambaa nje ya jino, lakini chanzo kiko kwenye chumba ambacho dawa haina mlango wa kuingilia. Maumivu yanapungua, mtu anashukuru, baada ya wiki kadhaa yanarudi, naye anarudi duka la dawa. Nasema duka la dawa na si kliniki, kwa sababu duka liko wazi usiku, halina foleni na halimgombezi. Limefungua makomeo matatu kati ya matano. Ndiyo sababu linapata wateja.

Na zile kambi?

Simlaumu anayezipanga wala anayepanga foleni tangu alfajiri. Aliyeondolewa maumivu ya miezi sita ameondolewa maumivu. Ila kambi ya siku mbili ni ndoo chini ya paa linalovuja, na ubora wa ndoo haupimwi kwa wingi wa maji iliyokusanya. Idadi ya meno yaliyong'olewa, ambayo hutangazwa kama ushindi, kwa kweli ni hesabu ya ngazi zote za chini zilizokosekana hapo kabla. Kambi ninayoweza kuisifu ni ile inayopaka na kuziba zaidi ya inavyong'oa, inayomwacha nyuma mtu wa eneo hilo aliyefundishwa, na inayosema tarehe itakayorudi.

Vivyo hivyo mtu akiahidi kiti kipya cha meno kwenye zahanati, maswali ni mepesi. Maji yanatoka? Umeme ukikatika? Fundi yuko wapi? Ganzi na saruji zikiisha nani anaagiza? Jioni na Jumamosi kuna mtu?

Kwa aliye mbali na yote hayo leo, kuna dalili ambazo hazisubiri kambi wala mshahara, na zinastahili hospitali yoyote iliyo karibu hata kama haina daktari wa meno: uvimbe wa shavu unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, kushindwa kumeza mate au kufungua kinywa, kupumua kwa shida, homa inayoambatana na uvimbe. Na kidonda cha mdomoni kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, hata kama hakiumi, kiangaliwe. Saratani ya kinywa mara nyingi haiumi mwanzoni.